Gari la Waliolala

Nzembi alimwambia mwuza samaki mmoja kwamba samaki wake walikufa kwa uzee, si kwa ndoano, na yule mtu hakupitia tena nyumba zile za Parklands. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu mbaya. Mwenye njaa alimpa ugali, ila alimpa pamoja na maneno ya kuuteremshia, na mwenye njaa alikula vyote viwili akashukuru. Akina mama waliochota maji naye kwenye mfereji wa uani walisema siku Mungu alipogawa vitu, Nzembi alichelewa kufika penye upole, akakuta umebaki ulimi, akauchukua wote.

Kwao kulikuwa Kangundo. Alikuja Nairobi kumfuata mumewe, Kaloki, na mtoto wao Nzomo wakamwacha kwa nyanya yake asome. Nzembi akapata kazi ya kufua na kupiga pasi kwa familia moja ya Kihindi. Kazi ilikuja na chumba, kimoja kati ya vile vya watumishi nyuma ya nyumba, vilivyopangwa kama masanduku ya sabuni dukani. Chumba kilichopakana na chake alikaa Philister, mke wa mpishi, mama wa Kijaluo mwenye kicheko cha kuamsha mbwa. Hao wawili waligombana asubuhi, wakaazimana chumvi jioni.

Kaloki alikuwa mchonga mawe. Machimbo yao yalikuwa kule mbele ya Kinoo, na alilala hukohuko wiki nzima, akarudi Jumamosi kwa miguu, mweupe kuanzia nywele hadi kucha, kama aliyelala ndani ya gunia la unga. Nzembi alimsimamisha nje, akampiga kwa taulo kama mkeka, kisha ndipo akamruhusu kuingia. Alidhani vumbi ni kitu cha nje. Vumbi la makaa utaliona kwenye makohozi, la pilipili litakupigisha chafya, lakini la jiwe halina harufu wala ladha. Unakula nalo, unacheka nalo, nalo linajenga nyumba yake kimyakimya.

Kwanza kilikuja kikohozi cha asubuhi. Kaloki akasema ni baridi ya Kinoo. Halafu akaanza kuchelewa Jumamosi. Siku moja Nzembi alikwenda kumpokea njiani, akamwona kwa mbali upande wa Kangemi, pale barabara inapopanda, ameinama kando ya njia akijifanya anafunga kamba za viatu. Akapiga hatua chache, akainama tena. Nzembi alingoja hadi akafika.

"Baba Nzomo," akamwambia, "akala za tairi zilianza lini kuwa na kamba?"

Kaloki alitaka kucheka, kikohozi kikamkata. Wakarudi nyumbani pole pole, na tangu siku hiyo hakuficha tena, maana siri ilikuwa imekwisha.

Msimamizi wa machimbo alimwachisha kazi kabla ya mvua. Daktari kwenye hospitali kubwa ya Waafrika alimpiga picha ya kifua, akaitazama kwenye mwanga, akaeleza kwamba mapafu yameshika vumbi na hayatarudi yalivyokuwa. Akampa tembe. Akamwambia akizidiwa aje hospitali upesi. Nzembi alirudi akiwaigizia watu wote wa uani yule daktari: akizidiwa aje upesi. Kwa miguu ipi, hakusema.

Siku alipozidiwa mara ya kwanza, ilikuwa ile miezi ya baridi, Nzembi yuko ndani ya nyumba kubwa anapiga pasi. Philister na wenzake waliona Kaloki anahema, wakamfanyia walivyojua wao, na walivyojua ndivyo kila mtu pale alivyojua: mgonjwa hulazwa. Walimlaza chali, wakamfunika mablanketi matatu, wakafunga dirisha baridi isiingie, wakaweka jiko la makaa miguuni pake. Nzembi alipoitwa alimkuta mumewe anang'ang'ana kama mtu anayezama, anatupa mablanketi, na wanawake wawili wamemshika mabega wasije wakamwacha ajiumize.

Aliyemwokoa ni bibi kizee wa nyumba kubwa, mama yake bwana. Wote walimwita Baa, kama wajukuu wake walivyomwita. Baa naye alikuwa na pumu ya miaka na miaka. Alikuwa barazani akasikia kile kikohozi, akakijua, maana mwizi aliyekuibia wewe unazijua nyayo zake hata nyumbani kwa jirani. Akaja na bakora yake, akashuka ngazi, akaingia chumba cha watumishi ambamo hakuwahi kukanyaga tangu nyumba ijengwe.

"Hapana lala," Baa akasema. "Lala, kufa. Toa moto. Fungua dirisha. Yeye keti."

Wakamkalisha. Baa akavuta kigoda, akaketi mbele ya Kaloki, akainama mbele, akaweka viwiko juu ya magoti yake mwenyewe, akakunja midomo akapuliza taratibu kama anayepoza chai. Kaloki akamtazama. Akainama vilevile, akapuliza vilevile. Bibi kizee wa Kihindi na mchonga mawe wa Kikamba walikaa hapo uso kwa uso wakipoza chai isiyokuwepo, na hakuna aliyethubutu kucheka. Alipopata nafuu kidogo Baa akamwamuru mwanawe atoe motokaa. Bwana alitandika magazeti kwenye kiti cha nyuma, akampeleka Kaloki hospitali ameketi wima, na mgonjwa akarudi baada ya siku kadhaa akiwa hai, anaomba chai ya kweli.

Baa akampa kiti kikuukuu cha mikono, ingawa mkono mmoja ulikuwa umeng'oka. Kaloki alikaa humo mchana, akalala humo usiku, kibao cha kukatia mboga kikiwa juu ya magoti, na juu ya kibao mto wa kuegemeza kichwa. Uani wakambatiza jina: Hakimu. Kwa nini? Eti ni mtu asiyeinuka kitini, na kila anayeingia ndiye anayesimama. Kaloki akalikubali. Philister akawa anamletea kesi za sabuni iliyopotea na kuku aliyedonoa unga. Hakimu anavuta pumzi kwanza, anapuliza, ndipo anatoa hukumu, na hukumu yake ilikuwa fupi kwa sababu pumzi ilikuwa fupi. "Kuku," anasema, "hana hatia." Watu wanacheka, naye macho yake yanacheka, maana kicheko chenyewe hakukimudu tena.

Nzembi hakucheka sana. Alilala sakafuni miguuni pa kile kiti, akizisikiliza zile pumzi. Kwake mambo yote duniani yalikuwa yamepungua, likabaki moja: siku nyingine atakapozidiwa, afikishwe hospitali angali anapumua. Akifika anapumua wale madaktari wana sindano zao na chupa za hewa, watamrudisha. Kutoka kitini hadi mlango wa hospitali, hapo katikati, hapana daktari. Hapo kuna Nzembi.

Alizidiwa tena, na siku hiyo motokaa ya bwana ilikuwa kazini mjini. Baa akapiga simu gari la wagonjwa lije. Likaja, na ndani yake dresa mmoja, mhudumu wa kufunga vidonda, aliyeitwa Zadock, mtu wa magharibi ya nchi, mrefu, mwenye kaptula iliyonyooshwa pasi vizuri hata Nzembi akaitazama kwa jicho la fundi. Zadock alisimama mlangoni. Alimwona Kaloki kitini, ameinama mbele, mikono juu ya magoti, anapuliza.

Akauliza mgonjwa yuko wapi.

Alipoonyeshwa, alitikisa kichwa. Akaeleza bila ukali kwamba hizi ni siku za Hali ya Hatari, kila njia ina kizuizi, na watu wasio na karatasi wamejifanya wagonjwa wavushwe ndani ya gari. Mwenzake alimbeba mmoja wa hao, aliyekaa vizuri akizungumza habari za mvua, na sasa mwenzake hana kazi. "Mama, gari hili ni la waliolala," akasema. "Huyu anakaa. Anayekaa anaweza kungoja."

Nzembi alimfuata hadi getini kwa maneno. Alimwambia kwamba gari lao ni jeneza lililotiwa magurudumu, kwamba anachotafuta ni maiti na si mgonjwa, na kwamba kaptula yake ilinyooshwa na mtu mwenye akili kuliko aliyeivaa. Zadock alipanda gari, likaondoka. Kaloki, kwa bahati yake, alipata nafuu mwenyewe jua lilipotua, Baa akiwa ameketi mbele yake na kumpulizia mfano.

Jioni ile Philister alileta uji.

"Dada," akasema, "hawa watu wanataka aliyelala. Basi siku nyingine wewe mlaze. Kidogo tu, mpaka wambebe. Utakufa kwa kushindana na serikali?"

"Nimsikilize nani?" Nzembi akamjibu. "Wewe uliyemkausha kwa moshi kama samaki wa kwenu?"

Philister aliondoka na bakuli lake. Lakini neno likishaingia chumbani halitoki kwa kufukuzwa. Lilibaki pale, likakaa pembeni ya kiti, na Nzembi alilala nalo.

Mvua za vuli zilipoanza, kulikuwa na harusi ya ndugu wa bwana huko Nakuru. Motokaa iliondoka imejaa vilemba na masanduku, na Baa akiwa mbele na dawa yake ya kufukiza. Nyumbani alibaki mke wa mdogo wake bwana, msichana aliyeolewa majuzi, mwoga wa kila kitu hata simu.

Asubuhi ya pili Kaloki alianza. Haikuwa kama zile nyingine. Zile nyingine alipambana, na mapambano hayo ndiyo yaliyotisha watu. Safari hii alianza kuchoka. Kucha zilikuwa za buluu, midomo nayo. Alisema neno moja kwa pumzi moja, kisha hata hilo akaliacha, akawa anasinzia kwenye kibao chake, anashtuka, anasinzia tena. Nzembi alikuwa amefungua mlango na dirisha, ameondoa jiko, amemlegeza shati. Alikuwa amempa tembe. Alikuwa ameketi pale alipoketi Baa, akapuliza, "Poza chai, Baba Nzomo, poza chai," na Kaloki akajaribu mara mbili tatu, macho yakamponyoka. Hapo Nzembi akajua kwamba yaliyo katika uwezo wake yamekwisha. Yule msichana wa nyumba kubwa alipiga simu huku akilia.

Gari lilisikika getini. Lilinguruma kwenye matope, likasimama.

Nzembi alitazama mlango, akatazama kiti. Lile neno la Philister likainuka pembeni lilipokuwa limekaa. Philister mwenyewe alikuwa mlangoni, khanga imefungwa kiunoni, tayari kushika miguu.

"Baba Nzomo," Nzembi akasema karibu na sikio lake. "Lala kidogo. Wakuone tu. Tukiingia ndani ya gari nakuinua."

Kaloki alifungua macho. Alimtazama mkewe mtazamo mrefu wa mtu anayesikiliza kesi. Akatikisa kichwa kukataa. Kisha viatu vya watu vikasikika uani, naye akaona uso wa Nzembi ulivyokuwa, akatoa hukumu yake.

"Kidogo," akasema.

Wakamlaza kwenye mkeka, Nzembi kichwani, Philister miguuni. Zadock akaingia. Ni yuleyule, na kaptula ni ileile. Alimwona mtu chali sakafuni, kifua kinaruka, midomo ya buluu, akageuka haraka kumwita dereva na machela. "Huyu sasa ni mgonjwa," akasema, na alisema kwa huruma kabisa, na hilo ndilo Nzembi alishindwa kumsamehe miaka yote iliyofuata: kwamba huruma alikuwa nayo.

Walimfunga mikanda miwili, wa kifuani na wa magotini, asianguke. Nzembi akasema mumewe hapumui akilala, wamwinue. Zadock akamwambia wakishatoka kwenye matope. Getini magurudumu yakateleza, gari likarudi nyuma, likasogea, likarudi. Mpishi na mtunza bustani wakatoka kusukuma. Muda wote huo Kaloki amelala chali chini ya mikanda, na Nzembi amepiga magoti kando yake, na sauti iliyokuwa ikitoka kifuani mwa mumewe ilikuwa kama maji ya mwisho ya mfereji.

Gari liliposhika lami hakungoja ruhusa. Alifungua mikanda. Alimshika Kaloki chini ya makwapa, akamvuta, akaketi nyuma yake na mgongo wake mwenyewe kwenye bati la gari, akamwegemeza kifuani, magoti yake yakawa mikono ya kiti. Alikuwa mwanamke mfupi na Kaloki hakuwa tena na uzito wa mtu mzima. Zadock alitazama. Akainuka akasukuma kidirisha hewa iingie. Ndani ya gari lile hapakuwa na kitu kingine cha kumpa mtu anayekosa pumzi. Palikuwa na machela, ndoo, na kijisanduku cha bandeji.

Na Kaloki akarudi. Si sana, lakini alirudi. Nzembi alihisi mgongo wake ukianza kusukuma dhidi ya matiti yake, mara moja, halafu tena. Alianza kumpulizia sikioni, taratibu, na mgongo ule ukajaribu kumfuata. Walipita maduka ya Ngara. Nzembi aliona kwa kidirisha vilele vya majengo ya mjini, akaanza kupiga hesabu za njia: daraja, mji, kilima, mlango.

Darajani kulikuwa na kizuizi.

Mabasi na mikokoteni ilikuwa imepangwa, watu wamechuchumaa kando ya njia, karatasi mikononi, wanangoja kutazamwa mmoja mmoja. Dereva alipiga honi, wakapishwa hadi mbele. Mlango wa nyuma ukafunguliwa na askari kijana mwenye vifungo vya shaba vinavyong'aa. Akaingiza kichwa. Akaona machela imelala tupu, na mtu ameketi.

Akataka kujua huyu mgonjwa gani anakaa.

Zadock alieleza. Askari akasikiliza kama anayehesabu ndege. Zadock akamgeukia Nzembi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, mlaze tupite. Ni dakika tu. Tukivuka unamwinua."

Kama Nzembi angenyamaza tu. Kama angesema tafadhali, bwana askari, neno ambalo kila mtu pale njiani alikuwa amelisema asubuhi ile zaidi ya jina lake mwenyewe. Lakini alikuwa ameshamlaza mtu wake mara moja kwa ajili ya watu wa namna hii, na alikuwa amesikia ile sauti. Ulimi ukatoka kabla yake.

"Kijana," akasema, "vifungo vyako vinatumia mwanga wote, akili imebaki gizani. Anayekaa anapumua. Anayelala ni mamako akizaa mwingine kama wewe. Funga mlango."

Wale waliochuchumaa kando ya njia walisikia. Walikuwa wamekaa juani na matopeni tangu asubuhi, wakivumilia, na sasa mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha kicheko kikapita mstari mzima kama moto wa majani makavu. Nzembi alipokisikia alijua amekosea. Tusi mtu anaweza kulimeza. Kicheko cha watu wengi hakimezeki.

Askari hakupiga kelele. Aliamuru gari likae kando.

Alikagua karatasi za dereva, mbele na nyuma. Alikagua za Zadock. Alitaka kipande cha utambulisho cha Kaloki, na Nzembi akamwambia kiko kwenye mfuko wa shati, akichukue mwenyewe, maana yeye hawezi kumwachia mumewe. Askari akasema atangoja hadi mwenyewe akitoe. Zadock alikitoa, akampa. Askari alikisoma polepole, herufi kwa herufi. Akaenda nacho hadi kwa mkubwa wake kwenye hema, akarudi. Akaamuru ndoo itolewe, machela itolewe, kijisanduku kifunguliwe, bandeji zikunjuliwe. Nzembi safari hii hakutukana. Aliinamisha kichwa, akasema tafadhali. Akasema tena. Askari hakuwa na masikio ya hilo tena. Nzembi akaendelea kupuliza sikioni mwa Kaloki. Taratibu. Kama anayepoza chai. Mgongo ulisukuma, ukapumzika. Ukasukuma. Bandeji zilikuwa nyingi. Mgongo ukapumzika, na Nzembi akapuliza, akangoja, akapuliza.

Walipofungiwa mlango na gari likaondoka, Zadock alishika mkono wa Kaloki, akaushika kwa muda. Akauweka juu ya paja lake Kaloki, vizuri, kama kitu cha kuazima.

"Amekwisha, mama," akasema. "Sasa mlaze."

"Nimemlaza mara moja leo," Nzembi akasema. "Tosha."

Basi wakapita katikati ya mji hivyo. Walipita maduka yenye vioo, makarani wakivuka barabara na miavuli yao, wauza maua wakipanga ndoo kando ya soko. Nzembi alikuwa ameegemea bati, na Kaloki amemwegemea yeye, kichwa chake kimemwangukia begani, kama watu waliochoka kwa safari ndefu. Zadock alikaa mkabala akiwatazama magoti. Hakumwambia tena amlaze. Mlango wa hospitali walipoufikia, mhudumu aliyekuwa zamu alifungua nyuma, akatupa jicho, akaona mtu ameketi na mkewe. Alikuwa na haraka, wagonjwa walikuwa wengi.

"Anayekaa aende benchi," akasema, "angoje zamu yake."

Zadock alishuka, akamshika mhudumu mkono, akampeleka kando kumweleza.

Kaloki walimzika Kangundo. Nzembi alirudi Parklands, kwa sababu Nzomo alikuwa bado anasoma na pasi haipigi nguo yenyewe. Baa aliporudi kutoka Nakuru, alikuja tena na bakora yake hadi chumba cha watumishi, akaketi kwenye kile kigoda mbele ya kiti kitupu. Alitaka kujua ilikuwaje. Nzembi akamwambia yote, na alipofika pale pa kumlaza Baa alifumba macho. Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

Philister naye hakuja kuazima chumvi kwa muda mrefu. Kisha siku moja akaja, akapewa, na habari ile haikutajwa kati yao. Ila Nzembi alimwona mara nyingi akipita mlangoni bila kutazama upande wa kiti.

Watu wa uani walidhani kiti kile kitatupwa. Hakikutupwa. Mahali popote nyuma ya nyumba zile, mtu akishikwa na kifua, walituma kwa Nzembi, naye alikuja nacho amekibeba kichwani. Alifungua madirisha, akatoa jiko nje, akamkalisha mgonjwa, akaketi mbele yake akapuliza. Baadhi walifika hospitali, wengine hawakufika. Gari la wagonjwa lilipokuja, hakumlaza mtu, na hakumtukana mtu. Alisimama kando ya kiti, mikono imeshikana mbele, akamwomba dresa kwa jina la Mungu, tafadhali bwana, mara nyingi kadiri ilivyohitajika.

Mwuza samaki mpya alipita siku hizo na samaki waliooza wazi, nzi wakiwazunguka. Akina mama wakangoja, ndoo mikononi, wamsikie Nzembi. Nzembi alitazama ndani ya kapu. Akasema asante, leo hapana, akaingia ndani.